Wameniandika Nini Hapo Chini?

Tembea Umoja, Kayole ama Donholm na uhesabu saiba. Karibu kila mlango una karatasi iliyobandikwa: PIN ya KRA, fomu za HELB, cheti cha tabia njema, kuchapa, picha za pasipoti za dakika tano. Kisha chini kabisa, kwa kalamu ya felti, mtu ameongeza: projekti na tasnifu zinanyooshwa hapa.

Kunyoosha. Napenda hilo neno. (Usilichanganye na kunyoroshwa, ambako mtaani ni kuchapwa.) Nguo ikinyooshwa haibadiliki rangi wala saizi, inaondolewa mikunjo tu. Mwenye nguo anaichukua ikiwa bado ni yake.

Nimefanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na kinachonila muda si maneno. Ni vielelezo: grafu, ramani, picha, ile michoro ya visanduku na mishale. Mwanafunzi anakuja na faili kwenye flashi. Grafu ameitoa kwenye Excel ikiwa na rangi za peremende, ramani ameipiga picha kwa simu kutoka kwa kitabu, kidole gumba kikichungulia kwenye kona. Chuo kinataka kila kitu kifuate APA. Toleo la sita la APA liliweka nambari na maelezo chini ya kielelezo. Toleo la saba, lililotoka 2019, likavipandisha juu: nambari kwa herufi nzito, kichwa kwa italiki, kisha mchoro wenyewe, kisha noti chini yake. Ukienda kwa wahandisi wanaofuata IEEE, maelezo ya mchoro yanashuka chini tena, lakini ya jedwali yanabaki juu. Majarida mengi yanadai picha yenye angalau nukta 300 kwa kila inchi. Na kuna msimamizi atakayemrudisha mtu mzima nyumbani kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana baada ya nambari ya kielelezo.

Ukisikia hayo utadhani ni urembo tu. Ndivyo wanavyodhani wengi wanaolipa, na ndiyo maana bei ni ya urembo. Mimi nabisha. Swali ninalobeba ni hili: anayenyoosha kielelezo cha mtu mwingine anawajibika kwa nini, na kwa nani?

Jibu la haraka mtaani ni kwamba mimi ni fundi tu. Fundi wa rangi pale Kariobangi Light Industries hakuulizi gari liligonga nini. Anaziba bonde, anapiga msasa, anapuliza rangi, anapokea pesa. Jibu hilo lina heshima yake, kwa sababu fundi anayetaka kujua kila kitu cha mteja hakai na wateja. Lakini fundi huyo huyo akipaka rangi juu ya ufa wa chesisi ili gari liuzwe, hatusemi tena kwamba amepiga rangi. Tunajua amefanya nini, na yeye anajua zaidi yetu, maana ndiye wa mwisho kuuona ufa.

Mpiga picha wa studio ndogo anaujua mpaka huu kwa vidole. Ukienda picha ya pasipoti anaweza kukuongezea mwanga kidogo, akaifanya kuta ya nyuma iwe nyeupe kweli kweli. Akikubadilisha pua, hiyo si picha yako tena. Watu wa maabara nao ilibidi wauandike mpaka huo. Jarida moja la Marekani, Journal of Cell Biology, lilianza mwaka 2002 kukagua picha za kila makala iliyokubaliwa kabla ya kuichapisha. Kanuni yake hata mtu wa studio ataielewa: unaweza kuongeza mwanga au kukoleza rangi, bora uifanyie picha nzima, na bora kisifutike kitu kilichokuwepo. Kuangaza kona moja na kuzima nyingine, hapana.

Na haja ya kanuni ilikuwepo. Mwaka 2016 mwanabiolojia Elisabeth Bik na wenzake wawili walichapisha matokeo ya kukagua makala 20,621 kutoka majarida 40. Bik alizipitia picha hizo kwa macho yake. Asilimia 3.8 ya makala zilikuwa na vielelezo vyenye kasoro, hasa picha moja kutumika mara mbili kana kwamba ni vitu viwili, na angalau nusu ya hizo zilionyesha dalili za kuchezewa kwa makusudi. Hao si wanafunzi wa saiba. Ni watu wenye maabara na ruzuku.

Laiti kila kesi ingekuwa rahisi kama picha moja kutumika mara mbili. Nyingi zinazopita mezani si rahisi. Chukua shule mbili za kufikirika, moja imepitisha asilimia 62 ya wanafunzi wake na nyingine 66. Ukianza mhimili wa wima kwenye sifuri, nguzo mbili za grafu zinalingana karibu kabisa. Ukiuanzisha kwenye 60, nguzo ya pili inakuwa ndefu mara tatu ya ile ya kwanza. Kila nambari ni ya kweli, mwalimu wa hesabu hana neno, lakini jicho limeshadanganywa. Basi tuseme sheria ni kuanza kwenye sifuri siku zote? Haiwezi. Chora joto la mtoto mwenye malaria, kutoka 36.5 hadi 39.5, kwenye mhimili unaoanza sifuri. Utapata mstari ulionyooka kama barabara ya Outering saa tisa usiku, na mtoto anaungua. Hapo sifuri ndiyo inayodanganya. Kwa hiyo kitabu cha APA hakikusaidii kitu. Lazima ujue kinachopimwa, na tofauti ya kiasi gani ni tofauti ya maisha. Yaani lazima usome ile karatasi uliyoambiwa ufomati tu.

Mfano unaonikaa zaidi uko hapa kwetu. Mwaka 2007 shirika la UNEP lilitoa ripoti kuhusu jaa la Dandora, utafiti ulioongozwa na Njoroge Kimani. Uliwahusu watoto na vijana 328 wa miaka 2 hadi 18 wanaoishi na kusoma karibu na jaa. Nusu ya waliopimwa damu walikutwa na madini ya risasi yaliyozidi kiwango kilichokuwa kikikubalika kimataifa wakati huo, mikrogramu 10 kwa kila desilita ya damu.

Sasa jifikirie umepewa uchore. Kila mtoto ni nukta. Unavuta mstari mlalo kwenye 10. Juu ya mstari ni walio hatarini, chini yake ni wengine. Mtoto mwenye 7 yuko chini, mama yake anaambiwa ashukuru Mungu. Mwaka 2012 CDC ya Marekani ikashusha mstari wake hadi 5. Mwaka 2021 ikaushusha tena, hadi 3.5, huku madaktari wakisema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Yule mwenye 7 amevuka kwenda juu bila damu yake kubadilika hata tone. Kilichohama ni mstari.

Ule mstari wa vitone, ambao kwenye programu ni kubofya mara mbili na kuchagua kijivu, unaamua ni mama gani wa Dandora alale na ni yupi akeshe. Simlaumu aliyeuweka kwenye 10 mwaka 2007, ndio uliokuwepo. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi wa leo akija na takwimu za aina hiyo, na mstari bado uko 10 kwa sababu ameunakili kutoka kwa makala ya zamani, kuunyoosha tu ule mstari uwe mwembamba na nadhifu ni kazi iliyofanywa nusu. Angalau noti ya chini iseme ni mstari wa nani, wa mwaka gani. Maneno manane hivi. Na hilo linaweza kufanywa na mtu wa saiba.

Wanaochorwa ndio huwa hatuwaoni tukiwa kazini. Eastlands ni sehemu inayochorwa sana. Korogocho na Viwandani zimefuatiliwa na watafiti wa APHRC nyumba kwa nyumba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wanafunzi wa vyuo hawaishi kuja na fomu zao. Sisi ni nukta za watu. Si jambo baya, kuna mambo hayangejulikana bila hivyo. Ila nukta ina njia zake za kudhulumiwa.

Kuna tasnifu moja niliyoletewa kuhusu wauzaji wa chakula mitaani. Kufika kielelezo cha saba, nikaona mwavuli ninaoujua, na chini yake mama ninayemnunulia githeri. Uso wote unaonekana. Pembeni mwa kibanda, maji meusi. Maandishi chini ya picha: mazingira machafu ya uuzaji wa vyakula.

Nikampigia mwanafunzi. Alikuwa kijana mwenye adabu, ana leseni ya utafiti ya NACOSTI, ana fomu za ridhaa zilizotiwa sahihi. Fomu zilisema mahojiano, hazikusema picha. Akaniambia nifunike uso basi, yaishe. Nikafunika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, na kufunika uso ndiyo dawa ya kwanza kila mtu anayoijua. Lakini nikamwambia pia, kaka, huyu mama yuko mita mia tatu kutoka hapa, twende tumwonyeshe.

Tukaenda jioni na nakala zote mbili. Alipoona ile ya kwanza akacheka. "Si ni mimi huyu! Na leso yangu ya Mombasa." Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa chini. "Na hapa wameniandika nini hapo chini?"

Tukamsomea. Akanyamaza, akakoroga sufuria, akasema, "Mwanangu, hiyo maji si yangu. Bomba limepasuka huko juu tangu Pasaka. Mimi ndio naimwagia mchanga kila asubuhi." Tukamwonyesha ile nakala ya pili, ya uso uliofunikwa. Hapo ndipo akakasirika kweli. "Sasa mnanifunika uso kama mwizi wa habari za saa moja? Nimeiba nini?"

Nimelifikiria swali lake kuliko makala yoyote ya maadili ya utafiti. Sisi tulidhani deni letu kwake ni kumficha. Yeye aliona deni ni kutomsingizia. Dhuluma ilikuwa kwenye maneno sita ya chini, si kwenye uso, na kumfunika kungeiacha dhuluma palepale huku kukimwondolea hata nafasi ya mtu kusema huyu namjua, huyu ni msafi. Mwanafunzi akabadilisha maandishi. Hakuandika habari za bomba kupasuka Pasaka, kwa sababu hakuwa amelichunguza. Aliandika kinachoonekana: kibanda cha chakula kando ya maji taka yanayotoka nje ya eneo la kibanda, jina la mtaa, mwezi na mwaka. Uso ukabaki wazi, na mama akaweka sahihi kwenye fomu mpya inayosema picha.

Sisemi kila uso ubaki wazi. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, alichapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika, pamoja na picha za watoto wenyewe. Kazi ile iliokoa maisha ya wengi duniani, hilo halina ubishi. Ugonjwa ukapata jina la daktari. Watoto walibaki na nyuso tu. Mama wa githeri angalau aliulizwa, na akajibu, na jibu lake halikuwa tulilolitegemea.

Sasa nigeuze meza. Eastlands haichorwi tu, inachora. Wengi wanaosoma hapa wanajua kazi ninayoisema, pengine ndiyo inayolipa bando wanalosomea. Mwanafunzi wa Marekani ama Uingereza anaweka oda, kijana wa Kayole anaandika, jina la juu ni la yule wa ng'ambo. Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa Kenya, ameichunguza kazi hiyo, na mwaka 2024 ikatoka filamu iitwayo The Shadow Scholars akiwa ndani yake. Waandishi waliozungumza wamefichwa sura. Uingereza nayo imepitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuuza kazi hizo kwa wanafunzi wa England kuwa kosa la jinai. Kwa anayeuza, lakini. Anayenunua anashughulikiwa na chuo chake.

Rafiki yangu mmoja yuko kwenye hiyo kazi. Juzi alipewa takwimu za watu 40, saa wanazolala na alama wanazopata kwenye mtihani, atengeneze kielelezo kimoja cha nukta na mstari. Nukta 37 zilipanda vizuri. Tatu zilikuwa mbali, watu wanaolala saa nne na kupata alama za juu kabisa. Mteja akaandika kwamba hizo tatu zinaharibu mstari, azitoe.

Akanitumia picha ya skrini. Nikamwambia asitoe. Akanijibu kwa sauti, dakika nzima ya kucheka. "Buda, hii karatasi ni uwongo kuanzia jina la juu. Nikianza ukweli kwa grafu, si ni kama kupiga mswaki nikienda kuiba?"

Ni hoja nzito, na sitaki kuipita kama maiti ya barabarani. Karatasi itasomwa na mhadhiri mmoja, ipewe alama, ife. Hakuna mgonjwa atakayepewa dawa kwa sababu yake. Zile nukta tatu pengine si watu kamwe, mteja anaweza kuwa amezibuni. Kwa upande mwingine kuna akaunti inayoweza kufungwa kwa malalamiko mawili, na kodi ya nyumba. Ukipima hivyo, ukweli wa kielelezo kimoja ndani ya karatasi ya kununuliwa hauna uzito hata wa unyoya.

Nilichomjibu ni kwamba mkono ni mmoja. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameninyooshea kazi ya muuguzi anayefanya shahada ya pili, uzito wa watoto wachanga katika kliniki moja upande wa Njiru. Hiyo haikuwa ya kuuza jina, ni ya mwenyewe, na itakaa kwenye maktaba ya chuo mtandaoni ambapo mtu wa afya anaweza kuitegemea. Kulikuwa na nukta za mbali humo pia. Kubofya na kufuta ni kulekule, kunachukua sekunde moja, na hakuna atakayejua kwa sababu jina lake halimo. Angalia noti ya kielelezo chochote: utaona chanzo cha takwimu, mwenye ramani, hata mpiga picha. Aliyekaa usiku akichora hatajwi. Kutotajwa huko kunatupa raha fulani, kwamba lisilo na jina halina dhambi. Lakini sisi wa huku ndio tunaojua kutotajwa kulivyo upande wa pili. Moja ya zile nukta za Dandora leo ni mtu mzima, ana watoto wake, huenda asubuhi alikuwa kiti cha nyuma yako kwenye mathree. Yeye pia hakuwa na jina kwenye ripoti, na tungechukia sana kusikia kuna fundi alimfuta ili mstari upendeze.

Tena kuondoa nukta si haramu. Mtu akiandikwa ana miaka 400, kalamu iliteleza, mtoe. Sharti ni useme: nimeondoa moja, sababu ni hii. Nukta ile ile, ukiiondoa na kusema ni utafiti, ukiiondoa na kunyamaza ni wizi. Na pa kusemea pameshatengwa, ni ile noti ya chini ambayo kila mteja anaiona ni usumbufu wa APA.

Hakukubali. Alisema mimi nina anasa ya mteja ninayeweza kutembea naye hadi kwa mama githeri. Wake yuko mabara mawili mbali na hana uso. Kuna ukweli hapo, na sina jibu la kumtosheleza. Yeye pia hakunijibu kuhusu muuguzi.

Alichofanya mwishowe ni hiki. Nukta tatu alizichora wazi katikati, zile nyingine zikiwa nyeusi. Akavuta mistari miwili, mmoja wa watu wote 40 na mwingine wa 37, na kwenye noti akaeleza upi ni upi. Mteja akarudisha saa hiyo hiyo akiuliza mbona grafu ina mistari miwili. Akamwandikia asome hapo chini. Tangu Jumanne malipo yanaonyesha kwamba yanasubiri, na keateka hukusanya kodi tarehe tano.